Muhogo Uliokataa Kuvimba

Kitu cha kwanza ambacho karibu kila mwanafunzi wangu alikichora kwa makini kutoka kwenye hadubini, akakitia kivuli kwa penseli na kukiandikia jina la seli, kilikuwa kiputo cha hewa. Nawaambia hili mapema, ninyi mnaoanza kusoma biolojia na ninyi mnaoanza kuifundisha, ili siku yenu itakapofika msione haya. Kiputo cha hewa kinapendeza. Ni cha mviringo kamili, kina ukingo mweusi uliokolea, kinang'aa katikati, na hukaa pale pale jicho linapotarajia kukuta kitu. Seli ya ngozi ya kitunguu, ambayo ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta, imepauka, imebanwa kati ya nyingine kama tofali ukutani, na wala haijitangazi. Mtu akitumwa kutafuta kitu asichowahi kukiona, hurudi na kile kilichojitangaza.

Nilifundisha biolojia ya mwanzo kwa watu wazima katika chuo kimoja cha magharibi mwa London kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Nimestaafu kabla nywele zangu hazijakubali kuwa nyeupe zote, pale chuo kilipounganishwa na kingine na sisi wa zamani tukapewa nafasi ya kuondoka kwa heshima. Nilizaliwa Korogwe, nikasomea Dar es Salaam, nikaja huku kutafuta shahada ya pili, nikabaki. Najua wengi wenu mmezaliwa hapa: nasema nanyi Kiswahili, mnanielewa vizuri kabisa, kisha mnanijibu kwa Kiingereza. Si neno. Nijibuni mpendavyo, ila nisikilizeni katika lugha hii, kwa sababu mambo ninayotaka kuwaambia yalitokea zaidi katika lugha hii, kwenye meza ya nyuma ya maabara, wakati wa mapumziko, baada ya somo la Kiingereza kwisha.

Aliyenifundisha kufundisha ni Bi. Kokila, mkuu wa idara yetu. Alikuwa mzaliwa wa Mombasa, familia yake ilihamia Harrow yeye akiwa msichana, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Alivaa sari chini ya koti jeupe la maabara, na hakuwahi kuichoma kwa moto wa taa ya spiriti, jambo ambalo mimi na suruali yangu hatukuweza kujivunia. Katika juma langu la kwanza alinikuta nimeinama juu ya hadubini, namweleza mwanafunzi kwa msisimko juu ya kijidudu chembamba, cheusi, kilichopinda kidogo, kilichokuwa kikicheza juu ya seli zetu.

"Hebu," akasema, akanisogeza kwa kiwiko. Akatazama. "Dada, huyu mdudu anaishi wapi?"

"Kwenye maji ya bwawa, nadhani."

"Anaishi kwenye jicho lako. Huu ni ukope. Pepesa macho umwone akicheza tena."

Nikapepesa. Akacheza.

Tangu siku ile niliwafundisha wanafunzi wote mambo matatu ya hadubini kabla ya kuwaambia chochote juu ya seli. Anza na lenzi ndogo kabisa, hata kama una haraka, kwa sababu anayeanza na kubwa hupotea kama mgeni aliyeshushwa katikati ya jiji bila anwani. Kipande chembamba cha kioo cha kufunikia kishushe kwa mshazari, upande mmoja utangulie, ili hewa itoke. Ukikidondosha bapa utavuna viputo. Na kila unapoona kitu cha ajabu, sogeza kioo. Kitu kikisogea pamoja na kioo, kiko kwenye kioo. Kisiposogea, kiko kwenye lenzi, au kiko kwako. Mnaweza kudhani hilo la mwisho ni ufundi wa mikono tu. Hapana, hiyo ndiyo sayansi yote, mengine ni majina.

Siku hizi wanafunzi wanaweka simu juu ya hadubini na kupiga picha, na picha hizo ni safi kuliko mchoro wowote niliowahi kusahihisha. Sizilaumu. Lakini bado niliwalazimisha kuchora, kwa sababu simu hupokea kila kitu sawasawa, kiputo na seli, ilhali mkono unaochora hulazimika kuamua mstari huu ni wa nini.

Sasa niwaambie juu ya mizani iliyokufa.

Jaribio lenyewe ni la kawaida, na wengi wenu mmelifanya au mtalifanya. Unakata vipande vya kiazi mviringo vilivyo sawa, unavipima uzito, unavitumbukiza vingine kwenye maji matupu na vingine kwenye maji ya chumvi. Baada ya muda unavitoa, unavikausha kwa karatasi, unavipima tena. Kila seli ya kiazi imezungukwa na utando mwembamba unaoruhusu maji kupita na kuzuia vingi vilivyo ndani visitoke. Kwenye maji matupu, maji huingia na kipande huvimba kikawa kigumu; kwenye chumvi kali, maji hutoka na kipande hunywea. Kupita huko kwa maji tunakuita osmosisi. Siri ya jikoni ni kule kukausha: asiyekausha hupima maji yaliyobaki nje na kudhani yameingia ndani.

Matokeo ya darasa zima siku hiyo yalikuwa mazuri ajabu. Kila meza ilikuwa na tarakimu zilizolingana na kitabu. Nilizipita meza moja moja nikisifu, hadi nikafika ile ya nyuma, walikokaa Khamis na Mama Furaha. Khamis alikuwa Mzanzibari aliyehudumu kwenye mkahawa wa Edgware Road na kuota kuwa mtaalamu wa maabara ya hospitali. Mama Furaha alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee. Vita vilimkatiza masomo ya uuguzi akiwa karibu kuyamaliza, na hapa alikuwa akianza upya tangu chini. Niliitazama mizani yao. Kioo chake kilikuwa cheusi. Nikabonyeza. Betri ilikuwa imekufa.

"Mmepimia nini?"

"Mizani hiyo hiyo, mwalimu wangu," akasema Khamis.

"Hii imekufa."

Khamis aliitazama kwa huzuni kubwa. "Kumbe! Basi imefariki baada ya kutupimia. Innalillahi."

Darasa likacheka. Mama Furaha hakucheka. Alisubiri wengine watoke kwenda kunywa chai, akaja mezani pangu, mikono ameifumbata.

"Mwalimu, usikasirike. Kwetu, mwalimu akisema maji itaingia, halafu mwanafunzi aseme haikuingia, ni kama umemwita muongo mbele ya batu. Tuliona ni haya. Njo maana tuliandika yako."

Sikukasirika, kwa sababu nilimwelewa mno. Nami nililelewa hivyo hivyo. Korogwe mtoto hamwambii mkubwa kwamba amekosea, husema, "labda mimi sijaelewa." Ni tabia njema, na bado naishi nayo mezani na msibani. Lakini nilipochunguza madaftari ya meza nyingine, niligundua kuwa hata waliokuwa na mizani hai walikuwa wamerekebisha tarakimu zao kidogo kidogo, kila mmoja kwa moyo mweupe, ili mwalimu asiaibike. Darasa zima lilikuwa limenipikia karamu.

Nilimsimulia Bi. Kokila. Alikuwa akimenya chungwa, na hakuacha kumenya.

"Kiazi hakina adabu, dada. Hakijui kuwa wewe ni mwalimu. Wafundishe kukiuliza chenyewe, si wewe."

Juma lililofuata niliwaambia wanafunzi kwamba kuanzia siku hiyo, kila atakayeniuliza kama jibu lake ni sahihi nitamjibu kwa maneno yale yale: usiniulize mimi, uliza kiazi. Khamis aliyafanya wimbo. Nilikuwa naingia darasani nikimsikia akimjibu mwenzake aliyemuuliza saa: "Usiniulize mimi, yakhe. Uliza kiazi."

Mwisho wa mwaka kila mwanafunzi alitakiwa kufanya uchunguzi wake mwenyewe, wa swali alilolichagua mwenyewe, na kuueleza mbele ya mkaguzi kutoka nje ya chuo. Kwa wengine ilikuwa sehemu tu ya alama. Kwa Mama Furaha ilikuwa mlango. Chuo kikuu kimoja kilikuwa kimempa nafasi ya uuguzi kwa sharti kwamba afaulu uchunguzi wa biolojia. Mwaka uliotangulia alikuwa amekataliwa kote, na umri wake aliuzungumzia kama mtu anayetazama saa ya stesheni. Binti yake, Furaha, alikuwa tayari sekondari. "Mi sitaki yeye amalize kusoma mbele yangu," aliniambia mara moja, akicheka, lakini macho hayakucheka.

Alichagua kurudia jaribio la osmosisi, ila kwa muhogo. Nilimwuliza kwa nini asitumie kiazi, ambacho majibu yake yanajulikana.

"Kiazi ni ya Waingereza. Muhogo mi naijua tangu tumboni."

Nilikubali. Swali zuri la uchunguzi ni lile ambalo mwulizaji anajali jibu lake. Akaleta muhogo wake kutoka nyumbani, umekwisha menywa, mweupe, akaukata kwa ustadi wa mtu aliyekata muhogo maisha yake yote. Akapima, akatumbukiza, akasubiri, akakausha, akapima tena.

Muhogo haukuvimba. Kwenye maji matupu haukuvimba, kwenye chumvi haukunywea kama ilivyopasa. Ulilala tu kwenye sahani zote, laini, umelegea, kana kwamba chumvi na maji vyote havikuuhusu. Akarudia. Ukakataa tena.

Khamis akakibonyeza kipande kimoja kwa kidole. "Mama Furaha, huu muhogo marehemu. Tumswalie."

"Wewe nyamaza."

"Basi chukua tarakimu zangu za kiazi, dada yangu. Halali kabisa, nimezitolea jasho. Badilisha jina tu, kiazi kiwe muhogo, nani atajua?"

Mama Furaha akamgeukia mtu mmoja tu aliyebaki, yaani mimi. "Mwalimu. Niandike ya kitabu?"

Nilijua ninachopaswa kusema, nikasema. "Usiniulize mimi. Uliza muhogo."

Ndipo aliponikasirikia kwa mara ya kwanza na ya mwisho. "Muhogo haiwezi kunipa kazi!" akasema, kwa sauti iliyofanya meza za mbele zigeuke. "Wewe uko na kazi. Mi niko na wiki mbili."

Akakusanya vitu vyake akaondoka.

Vijana, nataka mjue kwamba sikuwa na jibu mfukoni. Mwalimu akiwa na jibu na kulificha, ni mchezo. Mimi sikujua kwa nini muhogo ule ulikataa, na hata ningejua, kanuni zilikuwa wazi kuwa kazi iwe ya mwanafunzi. Nilimwendea Bi. Kokila nikamwomba ushauri. Nilimwambia kuwa mwanamke huyu akikosa safari hii hatajaribu tena.

"Ukimtafutia sababu," alisema, "mkaguzi atampa alama nani? Wewe una digrii zako tayari. Mwache na muhogo wake. Ila usimwache peke yake."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo niliyoifuata. Siku iliyofuata nilikuwa nimepanga kulipeleka darasa zima kwenye mfereji ulio karibu na Southall kujifunza mfumo ikolojia, na nilimpigia simu Mama Furaha kumwambia kwamba nitamsubiri, na kwamba basi halitaondoka bila yeye. Alikuja, amenuna, amevaa buti za mvua za binti yake.

Pale mferejini kulikuwa na zulia la vijani vidogo vinavyoelea, kijani kibichi kabisa, limefunika maji hata mbwa mmoja akadhani ni uwanja wa nyasi akarukia. Mwenye mbwa akaloa kumtoa. Juu ya miti kasuku wa kijani walikuwa wakipiga kelele, wale ambao wamejaa London siku hizi.

"Mwalimu," Khamis akauliza, "hawa nao wana viza?"

"Hawa walishaingia," akajibu Mama Furaha, bado amenuna. "Sasa nani atawatoa?"

Tukaanza kutoka hapo. Nikawauliza: kasuku analala wapi? Kwenye tundu la mti. Nani alikuwa akilala kwenye tundu hilo kabla yake? Zulia la kijani likifunika maji, mwanga unaishia wapi, na mimea iliyo chini itakula nini, na samaki wanaoitegemea hewa yake? Kanuni yangu ya kufundisha ikolojia ni moja: msianze na majina ya viumbe. Anzeni na swali la nani ataona njaa.

Kisha nikawapa fremu za mraba za kuhesabia mimea ukingoni. Unaiweka fremu ardhini, unahesabu kilichomo, unarudia mahali pengi, na kutoka hapo unakisia eneo zima. Nilipogeuka, fremu zote zilikuwa zimelala juu ya maua ya manjano yaliyostawi. Hakuna hata moja iliyokuwa kwenye matope, wala kwenye mmea unaowasha, wala pale palipokanyagwa na watu.

"Mbona wote mko hapa?"

Mama mmoja alinijibu kwa mshangao. "Si ndipo pazuri, mwalimu?"

Mama Furaha akacheka ghafla, kicheko cha kweli. "Tunaonyesha mgeni sebule," akasema. "Jikoni tumefunga mlango."

Sijawahi kusikia mtu akieleza upendeleo wa sampuli vizuri kuliko hapo, na niliyatumia maneno hayo hadi siku ya mwisho ya kazi yangu. Ndiyo maana tunaacha namba za bahati nasibu zituchagulie mahali pa kuweka fremu: bahati haina mgeni wala sebule. Aliirudisha fremu yake kwenye matope, akapiga magoti, akahesabu jani moja lililokuwa linaoza, akaliandika.

Njiani kurudi nilikaa naye. Hatukuzungumza juu ya jaribio. Tulizungumza juu ya muhogo wenyewe. Mimi nilikuwa na somo la mageuko ya viumbe juma lile, na kila mwaka nililiogopa kidogo, kwa sababu wanafunzi wangu wengi walikuwa watu wa kanisa na wa msikiti, na wengine walifika wakiwa wamejiandaa kwa vita. Nilimwuliza tu kama kwao walipanda muhogo mchungu.

"Tulipanda yote mbili. Tamu karibu na nyumba, chungu mbali."

"Kwa nini mchungu mbali?"

"Nguruwe wa porini. Ya tamu wanaila yote. Ya chungu wanaonja, wanaacha. Iko na sumu, mwalimu, lazima uiloweke siku mingi ndani ya maji."

"Na msimu ukija, vijiti vya kupanda mlivikata wapi?"

"Kwa ile iliyobaki." Basi likapita taa mbili. "Yaani... chungu. Kila mwaka chungu inazidi shambani, na hakuna mtu ameichagua. Nguruwe njo amechagua."

Sikumwambia kwamba amekwisha eleza uteuzi wa asili. Nilimwachia wazo hilo alikamilishe mwenyewe darasani, na alilikamilisha. Somo hilo tangu hapo nililifundisha kwa namna hiyo. Sikumwuliza mtu anaamini nini. Nilimwuliza ameona nini. Nanyi mkifundisha, anzeni na shamba la mtu kabla ya kumpeleka kwenye visiwa vya vitabuni asivyovijua.

Siku chache baadaye alinijia kabla ya kipindi, hajavua koti. Katika nyumba ya wazee alikohudumu, alikuwa akimlisha bibi mmoja aliyekataa matunda. Yalikuwa mastroberi yaliyogandishwa kwenye friza na kuyeyushwa, na yalikuwa yamekaa kwenye bakuli katikati ya ziwa lao jekundu. Bibi yule akamwambia, hapana, haya yamelia, niletee yasiyolia. Mama Furaha akamletea mabichi. Mabichi yalikaa makavu.

"Nikajiuliza, mwalimu: ile maji ilikuwa ndani. Nani amefungua mlango?" Akaninyooshea kidole kana kwamba mimi ndiye nimefungua. "Na mi muhogo yangu natoa wapi? Friza! Hapa London nani anamenya muhogo? Tunanunua Southall, imemenywa, imeganda kama jiwe. Khamis amesema ni marehemu, nikamfokea, kumbe ni kweli. Seli zake zilikufa ndani ya friza. Utando umepasuka. Mlango haupo, maji inapita tu inavyotaka!"

Nilitaka kumkumbatia. Badala yake nilimwuliza lile swali ambalo ndilo kazi yetu: "Umejuaje?"

"Sijajua," akasema. "Nadhani."

"Basi?"

"Basi nitauliza muhogo."

Alikwenda Southall akatafuta muhogo mbichi, ule unaouzwa umepakwa nta ili usioze njiani. Nilimsubiri aniulize namna ya kulinganisha, hakuniuliza. Aliukata muhogo mmoja katikati. Nusu akaiweka kwenye friza la nyumbani na kumkataza Furaha kuigusa, nusu akaihifadhi kwenye kabati. Alipozileta, aliiacha ile ya friza iyeyuke kabisa, akakata vipande sawa kutoka nusu zote mbili, akavitumbukiza kwenye maji yale yale na chumvi ile ile. Khamis aliweka betri mpya kwenye mizani kwa heshima zote za mazishi yaliyobatilishwa. Nusu mbichi ilivimba ndani ya maji matupu hadi ikavunjika kwa mlio ulipoipinda, na ndani ya chumvi ikanywea ikawa kama mpira. Nusu ya friza ililala pale pale, imelegea, haikujali.

Meza ya nyuma ilipiga kelele iliyomleta Bi. Kokila kutoka ofisini. Alitazama sahani, akavipinda vipande kwa vidole, kimoja baada ya kingine, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kurudi kwenye kazi zake.

Siku ya mkaguzi niliruhusiwa kukaa nyuma bila kusema neno. Alikuwa bwana mrefu, mpole, mwenye kawaida ya kuvua miwani kabla ya kuuliza swali gumu. Mama Furaha alieleza kwa Kiingereza, taratibu, akisimama wima kama anayesoma Maandiko kanisani. Alipomaliza, bwana yule alivua miwani.

"Majaribio yako ya mwanzo yalishindwa. Kwa nini umeyaleta hapa? Ungeweza kuanza na yaliyofaulu."

Nilimwona Mama Furaha akinitafuta kwa macho, kisha akaacha kunitafuta.

"Hayakushindwa," akasema. "Yalinipa swali. Nikiyaficha, haya mengine ni jibu la nini?"

"Na unajuaje kuwa ni friza, si kwamba muhogo wa kwanza ulikuwa wa aina nyingine?"

"Ndiyo maana nimekata mmoja katikati. Mama mmoja, watoto wawili. Mmoja tu amelala kwenye baridi."

"Kuna usilolijua bado?"

Swali hilo huwaangusha wengi, kwa sababu wanadhani ni mtego. Yeye alijibu bila kusita: "Sijauona utando umepasuka kwa macho yangu. Nimeona tu maji yanavyofanya. Hadubini yetu haifiki huko."

Bwana yule alirudisha miwani yake, akaandika kwa muda mrefu. Mama Furaha alifaulu. Wakati wa kiangazi aliniletea habari mwenyewe, amesimama mlangoni pa maabara na Furaha kando yake, na safari hii macho yalicheka pamoja na mdomo. Chuo kikuu kilimpokea. Leo ni muuguzi, na juu ya hayo hufundisha wanafunzi wa uuguzi wodini.

Mtaniuliza, kama mnavyoniuliza kila mara, kuna haja gani ya yote haya sasa, ilhali simu inajibu kila swali la biolojia kabla hujamaliza kuliuliza. Inajibu vizuri, nimeijaribu. Nilipoiuliza nini hutokea kwa muhogo ndani ya maji, iliniambia kuwa utavimba. Haikuniuliza niliutoa wapi.

Nilipostaafu, Mama Furaha alituandalia chakula nyumbani kwake Harrow. Khamis alikuja na mkewe na sinia la halua. Siku hizi ana koti lake jeupe katika maabara ya damu, na bado anajiita daktari wa mizani. Bi. Kokila alikuja na fimbo yake ya kutembelea na hamu yake yote ya kula. Tukiwa mezani, Mama Furaha alitusimulia jinsi wanafunzi wake wa wodini wanavyomwandikia idadi ya pumzi za wagonjwa bila kuhesabu. Wote huandika ile ya kitabu, ile ya mtu mwenye afya.

"Nawauliza, mmehesabu? Wananiambia, tulidhani ndiyo unayotaka." Akapiga paja. "Nawarudisha kitandani, nawasimamia, wanatazama kifua cha mgonjwa kikipanda na kushuka. Juzi mmoja alirudi anakimbia. Pumzi za mzee zilikuwa zinakwenda mbio, na karatasi imeandikwa yuko salama. Tukamwita daktari mapema. Mzee yuko nyumbani kwake sasa, analalamikia chakula."

Kisha akaweka bakuli kubwa katikati ya meza, muhogo wa nazi, unafuka moshi. Nikajipakulia. Ulikuwa laini, umekubali tui hadi ndani. Udadisi wa kazi haustaafu pamoja na mwenye kazi, nikashindwa kujizuia.

"Mama Furaha, huu ni mbichi au wa friza?"

Alikuwa akimpakulia Bi. Kokila, wala hakuinua uso.

"Usiniulize mimi, mwalimu," akasema. "Uliza muhogo."